Chakula cha Mchana Ikulu, 1906

Katika kikundi cha wasomaji, siku mwandishi mwenyewe anapokuja huwa na mambo yake. Watu ambao wiki zote walikaa kimya huja na maswali mawili mawili. Mmoja atauliza kwa nini yule mama alikufa, mwingine atasema mwisho wa kitabu haukumkolea. Mwandishi naye atakodoa macho: kumbe hivi ndivyo mlivyonisoma? Na kama riwaya yenyewe inahusu chakula, ndiyo kabisa! Maana kila aliyepo ana tumbo lake, na kila tumbo lina historia yake.

Ndugu msomaji, nataka tuizungumze siku moja ya namna hiyo. Ilikuwa zamani na mbali na kwetu, lakini kijana yeyote anayeshika kalamu inamfaa kuijua. Ni tarehe 4 Aprili 1906, mjini Washington. Mwandishi aliitwa Upton Sinclair, kijana wa miaka 27. Riwaya yake, The Jungle, ilikuwa na wiki chache tu tangu itoke. Wasomaji waliokaa naye mezani hawakuwa wengi, ila mwenyeji wao alikuwa Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani. Chakula kilikuwa cha mchana, na habari iliyowakutanisha ilikuwa nyama.

Kabla mwaka haujafika nusu, sheria mbili kubwa za chakula zilikuwa zimetiwa saini. Ni riwaya ngapi duniani zinaweza kujisifu hivyo? Na bado mwandishi hakuridhika. Alipewa alichokuwa hajakiomba, na alichokiomba akakikosa. Ilikuwaje?

KUNGUNI WA KITANDA KILE

Sinclair alizaliwa Baltimore mwaka 1878. Baba yake alikuwa muuza pombe, na sehemu kubwa ya riziki ya nyumba iliishia katika chupa hizo hizo. Upande wa mama walikuwa na ndugu matajiri. Basi mtoto alikua akihama: leo chumba cha kupanga chenye kunguni, kesho shuka safi na meza iliyojaa kwa jamaa wa mama. Sisi tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yule bwana alivilalia vyote viwili, na swali la kwa nini wengine wanashiba na wengine hawashibi lilimganda tangu utotoni.

Chuoni New York alijilipia karo kwa kalamu. Aliandika vichekesho na hadithi za vijana katika magazeti ya bei rahisi, zile za kusoma na kutupa. Baadaye akageukia riwaya za maana, lakini hazikuuzika. Mwaka 1904 alitoa riwaya juu ya utumwa wa Marekani, Manassas. Nayo haikumletea fedha, ila ilimpata msomaji mmoja muhimu: Fred Warren, mhariri wa Appeal to Reason, gazeti la kijamaa la kila wiki lililochapishwa katika mji mdogo wa Girard, jimbo la Kansas. Warren alimwambia kwamba utumwa wa zamani ameshauandika, sasa aandike utumwa wa mshahara. Akampa dola 500 za kuanzia.

Mahali pa kwenda palijulikana. Kiangazi cha 1904 wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago walikuwa wamegoma, na mgomo wao ukavunjwa. Chicago ndiyo iliyokuwa jiko la nyama la Marekani. Tangu 1865 palikuwa na zizi kubwa, Union Stock Yards, ambako reli nyingi zilileta ng'ombe na nguruwe kutoka mashambani. Mabehewa yenye barafu yalipopatikana, nyama ya Chicago ikaweza kusafiri hadi miji ya pwani ya mashariki bila kuoza. Vigogo wachache, akina Armour na Swift, wakaishika biashara hiyo mkononi. Kazi ya kuchinja iligawanywa vipande vipande: huyu anakata hapa tu, yule anachuna pale tu, mnyama anapita mbele yao akining'inia. Kwa mpango huo hata mgeni aliyeshuka jana kutoka meli ya Ulaya, asiyejua neno la Kiingereza, aliweza kuajiriwa leo na kufukuzwa kesho.

Sinclair alikaa huko wiki saba. Alivaa nguo kuukuu, mkononi akashika kopo la chakula kama wafanyakazi wote. Kopo lile lilikuwa pasi tosha: aliingia na kutoka viwandani bila kuulizwa na mtu. Usiku alikaa na wafanyakazi majumbani mwao, akauliza, akaandika. Alizungumza na madaktari, mawakili, na watu wa siasa wa mitaa ile.

Alichokosa ni hadithi. Ukweli alikuwa nao tele, watu wa kuubeba hakuwa nao. Mpaka Jumapili moja akakuta harusi ya wahamiaji kutoka Lithuania, nyuma ya baa. Akasogea, akakaribishwa, akaketi ukutani. Akakaa hadi usiku akiwatazama bibi harusi, bwana harusi, wazee na wapiga fidla. Alipoondoka alikuwa na familia nzima ya riwaya yake kichwani.

PILAU LA WATU, DENI LA MAHARUSI

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wanaoitaja The Jungle wanaruka ukurasa wa kwanza. Riwaya hiyo haianzi na nyama iliyooza. Inaanza na karamu. Jurgis, kijana mwenye misuli kama fahali, anamwoa Ona, binti mdogo mwembamba. Kuna viazi, nyama, mkate, na bia kwa kila mtu. Mila yao inasema hata mpita njia mwenye njaa asifukuzwe mlangoni. Na gharama? Mwandishi anatuambia zitafika dola mia mbili au tatu, fedha ambazo wengi waliokuwa ukumbini hawakuzipata kwa mwaka mzima.

Mila hiyo ilikuwa na dawa ya gharama. Kila mwanamume anacheza na bibi harusi, kisha anatoa fedha kwa kadiri ya uwezo wake, ili maharusi wasianze maisha na deni. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa. Michango ya harusi tunaijua, kutunza tunakujua. Lakini huko Chicago vijana wanakula, wanakunywa, wanacheza, halafu wanachomoka kimya kimya bila kutoa kitu. Mji umewafundisha. Maharusi wanabaki na deni, na alfajiri ile ile bwana harusi anatakiwa kazini.

Kwa hiyo chakula cha kwanza katika riwaya ni chakula cha upendo ambacho mji umekigeuza kuwa mzigo. Mengine yote yanafuata hapo. Nyumba wanayouziwa ni ya ulaghai. Baba mzee anakufa kwa kazi ya unyevunyevu. Ona anatendewa uovu na msimamizi wake, Jurgis anampiga yule bwana na kufungwa. Ona anakufa akijifungua, na mtoto wao mdogo anazama katika maji ya barabara isiyotengenezwa. Katikati ya misiba hiyo kuna kurasa chache, kweli chache tu, zinazoeleza kinachoingia katika soseji: nyama iliyoharibika na kutiwa dawa, panya waliokufa kwa sumu, uchafu wa sakafuni.

Kurasa hizo chache ndizo zilizoondoka na kitabu.

MSOMAJI MWENYE TUMBO LAKE

Hadithi ilianza kutoka kwa mfululizo katika Appeal to Reason mwezi Februari 1905. Kuipata kama kitabu ilikuwa kazi nyingine. Wachapishaji watano waliikataa. Kampuni ya Doubleday, Page ilikubali, lakini kwanza ikatuma watu wake Chicago kuhakikisha mambo yale yapo. Waliporudi na habari kwamba yapo, kitabu kikachapishwa, Februari 1906. Barua zikaanza kumiminika Ikulu.

Roosevelt hakuwa msomaji mgeni wa nyama ya kopo. Mwaka 1898 alipigana Cuba katika vita vya Marekani na Hispania, na askari waliletewa makopo ya nyama ambayo wengi walishindwa kuila, wengine wakaugua. Mwaka uliofuata alitoa ushahidi mbele ya wachunguzi, akasema afadhali angekula kofia yake. Kwa hiyo kitabu cha Sinclair kilipofika mezani kwake kilikuta tumbo lenye kumbukumbu.

Mcheshi mmoja wa magazeti ya Chicago, Finley Peter Dunne, alitunga kisa kwamba Rais alikuwa akisoma kitabu wakati wa kifungua kinywa, mara akaruka na kuzitupa soseji nje ya dirisha. Ulikuwa utani mtupu, lakini utani mzuri una miguu. Baadaye watu wakausimulia kama jambo lililotokea. Wenye kupenda historia tujihadhari na visa vitamu mno.

Kilichotokea kweli ni barua. Tarehe 15 Machi 1906 Roosevelt alimwandikia Sinclair barua ndefu, ya msomaji hasa, si ya ofisi. Hakuupenda mwisho wa riwaya wenye mahubiri ya ujamaa, na alimwambia hivyo waziwazi. Lakini aliahidi kwamba maovu yale, yakithibitika na yeye akiwa na uwezo, yatakomeshwa. Akamwalika Washington.

Sinclair alikuwa na hofu moja ya haki: kwamba uchunguzi utaachiwa Wizara ya Kilimo, ambayo wakaguzi wake walikuwa tayari kwenye viwanda vile na walikuwa wameyafumbia macho mambo. Mtu hajichunguzi mwenyewe, bwana! Roosevelt akateua watu wawili wa nje ya wizara hiyo: Charles Neill, kamishna wa kazi, na James Reynolds, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na watu maskini wa mijini. Wakaenda Chicago.

Ripoti yao ilifika Bungeni mwezi Juni. Si yote yaliyomo kitabuni yaliyothibitishwa. Kile kisa cha watu kutumbukia katika mapipa ya mafuta hawakukikuta. Lakini waliyoyaona yalitosha. Nyama ilikusanywa kwa koleo kutoka sakafu chafu za mbao, ikapangwa juu ya meza zisizosafishwa, ikasukumwa katika mikokoteni iliyooza, ikichanganyika na takataka na mate ya wafanyakazi wenye kifua kikuu.

Tafadhali isome tena hiyo ya mwisho. Mfanyakazi ana kifua kikuu. Na sisi tunaguna kwa sababu gani? Kwa ajili ya mapafu yake, au kwa ajili ya mate yake yaliyoangukia soseji? Ukilijibu swali hilo kwa moyo safi, umeshaielewa historia yote ya kitabu hiki. Neill na Reynolds hawakuwanyamazia wafanyakazi. Waliandika juu ya vyumba vyenye giza visivyo na hewa, na watu wasio na mahali pa kunawa. Ila wabunge, magazeti na wapishi wa majumbani walikamata upande mmoja tu wa habari.

SHERIA ILIMKAGUA NG'OMBE

Seneta Albert Beveridge wa Indiana aliandaa mswada. Vigogo wa nyama waliupinga kwa nguvu, hasa kipengele cha kuwalipisha wao gharama za ukaguzi. Lakini nyama ya Marekani ilikuwa imeanza kukataliwa nchi za nje, na vigogo si watoto wadogo. Waliona kwamba mhuri wa serikali juu ya nyama ungewarudishia wateja. Mwisho wa mvutano, gharama zikabebwa na serikali, na tarehe 30 Juni 1906 Roosevelt akatia saini. Siku hiyo hiyo alitia saini sheria nyingine ya usafi wa vyakula na dawa, iliyokuwa imepiganiwa miaka mingi na Harvey Wiley, mkemia wa Wizara ya Kilimo.

Tusiidharau sheria ile. Mnyama alikaguliwa kabla ya kuchinjwa na baada ya kuchinjwa, viwanda vikawekewa masharti ya usafi, na mkaguzi akawa na nguvu ya kuzuia nyama mbaya isipite. Yapo matumbo mengi yaliyookolewa.

Lakini mshahara wa Jurgis? Haukuguswa. Saa zake za kazi? Hazikuguswa. Mwenye kukatika kidole, mwenye kuvunjika mguu, binti kama Ona aliye chini ya msimamizi mwenye tamaa? Hakuna. Mkaguzi aliutazama mzoga, hakuutazama mkono ulioukata. Oktoba mwaka huo Sinclair aliandika kwa uchungu kwamba aliulenga moyo wa umma, na kwa bahati akalipiga tumbo lake.

Fedha za kitabu alizipeleka kwenye chakula tena, na hili watu hawalisemi sana. Mwishoni mwa 1906 alinunua jengo kubwa huko Englewood, New Jersey, liitwalo Helicon Hall, familia kadhaa zikaishi pamoja, zikishirikiana jiko na malezi ya watoto. Alitaka kuonyesha kwamba watu wanaweza kula pamoja bila mmoja kuwa mtumwa wa jiko la mwenzake. Machi 1907 jengo likaungua.

TULIOKOSEKANA MEZANI

Je, kosa lilikuwa la wasomaji? Nusu. Binadamu husoma kwanza kinachomhusu. Waliokula soseji walikuwa mamilioni. Waliozitengeneza walikuwa maelfu, wageni, wasio na kura.

Nusu nyingine ni ya mwandishi, na hapa nasema na wenzangu wa kalamu. Sinclair alituonyesha soseji kwa macho, pua na vidole, kwa sababu alikuwapo. Harusi pia alituonyesha. Lakini kufikia mwisho, Jurgis anaingia katika mikutano ya siasa, na kuanzia hapo hatendi tena, anasikiliza. Wengine wanahutubu, ukurasa baada ya ukurasa. Mtu tuliyemlilia anageuka kiti cha ukumbini. Mwandishi alipoacha kuonyesha, msomaji aliacha kuona, akarudi kwenye alichokiona vizuri. Roosevelt, pamoja na siasa zake, hakukosea kulalamikia mwisho ule.

Na lipo doa zito zaidi. Riwaya inapofika kwenye mgomo, inawaeleza Weusi walioletwa kutoka kusini kuvunja mgomo kwa maneno ya dharau, kana kwamba hawana majina wala mama zao. Mtu aliyemhurumia mhamiaji wa Lithuania hakutaka kujua njaa iliyomleta Mweusi Chicago. Hakuketi ukutani kwenye harusi zao. Historia ilimjibu: katika miaka ya 1930 na 1940 wafanyakazi Weusi walikuwa nguzo za chama kilichowaunganisha wafanyakazi wa viwanda vya nyama, na chama hicho ndicho kilichopigania mishahara na usalama ambao sheria ya 1906 iliusahau.

Sinclair aliandika miaka mingi baadaye, akagombea ugavana wa California mwaka 1934 akashindwa, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1943. Desemba 1967, akiwa na miaka 89, aliitwa tena Ikulu. Sheria ya 1906 ilikuwa imeacha pengo: iligusa nyama inayovuka mpaka wa jimbo au kwenda nje, si ile iliyochinjwa na kuliwa ndani ya jimbo moja. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuziba pengo hilo, na mzee yule alikuwepo akishuhudia. Miaka 61 ilikuwa imepita, na bado walimwita kwa ajili ya nyama. Alifariki Novemba 1968. Mwaka 1971 Union Stock Yards ikafungwa.

Kwa hiyo wenye vikundi vya kusoma, mkimwalika mwandishi wa riwaya ya chakula, mwulizeni ya chumvi na ya viungo, si vibaya. Lakini mmoja wenu abaki na swali la mpishi, la mchinjaji, la dada anayeosha vyombo: katika kitabu hiki yeye alikula nini, na alilipwa kiasi gani? Kama mwandishi ana jibu, mtajua aliketi ukutani akatazama. Kama hana, mpeni kazi ya kwenda kufanya.